Usilipige Lamineshi: Dhana Potofu Kuhusu Jarida la Doctor Who

Jumamosi iliyopita mteja aliniwekea mezani Doctor Who Weekly namba 1, jarida la tamthilia ya televisheni ya Uingereza, Doctor Who, ile ya Oktoba 1979 iliyouzwa peni 12. Kabla hajakaa nilikuwa nimeshaona inavyong'aa. Pini zilikuwa zimeng'olewa, kila ukurasa umepigwa lamineshi kama cheti cha kuzaliwa, kisha kurasa zote zimefungwa pamoja kwa spiro.

"Nimelitunza, kaka," akasema. "Hili sasa haliharibiki tena."

Nilinyamaza kidogo. Ninanunua na kuuza majarida ya zamani hapa Uingereza, na huyu alikuwa wa nne mwaka huu.

Dhana: Lamineshi huhifadhi jarida.

Ukweli: Lamineshi hulimaliza. Matoleo ya mwanzo yalichapwa kwenye karatasi ya gazeti, ya bei ya chini, ambayo mti husagwa na lignini, ile gundi ya asili inayoshika nyuzi za mti, ikaachwa humo humo. Lignini ikipigwa na mwanga na hewa hugeuka manjano, na asidi iliyomo hula nyuzi za karatasi polepole. Ndiyo maana gazeti lililofungia vyombo miaka mingi iliyopita, ukilikunja leo linakatika kama kaukau. Asidi hiyo haikutoka nje. Ukiifunika kwa plastiki pande zote mbili, umemfungia mwizi ndani ya nyumba halafu ukaenda kulala. Na joto la mashine limeshaiyeyusha gundi ikanywewa na karatasi. Kuitoa bila kuchuna wino ni kazi ya maabara, na gharama yake inazidi thamani ya jarida lenyewe.

Halafu kuna wanaojitetea kwamba wao hawakupiga lamineshi, wameweka kwenye faili la plastiki tu. Plastiki ipi? Ile laini, inayonata kidoleni na kunuka kama ndala mpya, ni PVC, na hiyo hunyonya wino. Nimewahi kuvuta jalada kutoka kwenye faili la namna hiyo, likaja na nusu ya uso wa Tom Baker, mwigizaji wa Daktari, mhusika mkuu wa tamthilia hiyo. Nusu nyingine imebaki kwenye plastiki mpaka leo, nimeitundika ukutani wateja waione. Tafuta mfuko wa poliesta au polipropilini, nyuma uweke kadi isiyo na asidi, mdomo usiuzibe, kisha panga kwenye boksi mbali na dirisha na mbali na jiko. Kadi ubadilishe kila baada ya miaka michache. Hapo ndipo watu wengi huona uvivu. Na selotepu, tafadhali, iache ifunge maboksi.

Dhana: Namba 1 ni utajiri.

Ukweli: Namba 1 ndiyo ambayo kila mtu aliiweka, kwa sababu ilikuwa namba 1. Ninachokitazama kwanza ni zawadi iliyokuja nayo: karatasi ya picha za kusugulia. Unailaza juu ya mchoro wa mandhari, unasugua kwa penseli, na picha inahamia chini. Sasa niambie, mtoto gani wa mwaka 1979 alipewa karatasi hiyo akaiacha bila kusugua? Zikiwa zote bado ziko mahali pake, tutaongea bei. Ikibaki mikwaruzo ya penseli na Dalek mmoja, yule adui wa Daktari, asiye na kichwa, tutaongea habari nyingine.

Dhana: Doctor Who Weekly, Doctor Who Monthly na Doctor Who Magazine ni majarida matatu.

Ni moja. Lilianza kila wiki likiwa chini ya kampuni ya katuni ya Marvel, tawi la Uingereza, na kuanzia namba 44, Septemba 1980, likawa la kila mwezi. Jina lilibadilika zaidi ya mara moja, hesabu ya namba ikaendelea. Toleo la 500 lilitoka 2016.

Dhana: Lilikufa tamthilia ilipoondolewa hewani.

Tamthilia ilisimama Desemba 1989. Ukiacha filamu moja ya televisheni ya 1996, haikurudi mpaka Machi 2005. Miaka yote hiyo jarida lilikuwa likitoka, na kampuni ya Panini ikalipokea 1995. Kurasa za katuni ziliendelea kumsafirisha Daktari huku televisheni kimya. Mimi matoleo hayo ndiyo ninayoyapenda kuliko yote, maana waandishi hawakuwa na kipindi kipya cha kusifia, wakalazimika kuchimba vya zamani: nani aliandika, nani alichora seti, kanda zipi za miaka ya sitini zilifutwa.

Dhana: Zile ni katuni za watoto tu.

Aliyezichora tangu toleo la kwanza ni Dave Gibbons, ambaye baadaye alichora Watchmen, katuni maarufu ya watu wazima. Basi.

Yule mteja aliniuliza bei, nikamtajia, akacheka akidhani natania. Alipoona sicheki, akauliza afanyeje na namba 2 mpaka 43 zilizoko nyumbani. Nikamuuliza kama zimepita mashineni.

"Bado," akasema. "Namba 2 tu ndiyo nimeipeleka kwa fundi asubuhi, naifuata jioni."

Nikamsukumia simu yangu ampigie.