Kinundu chenye damu

Mwezi wa pili, Newala. Babu mmoja aliniita shambani kwake, mkononi kashika mche wa njugu mawe, mizizi yenye vinundu inaning'inia na mchanga wake mwekundu. "Bibi shamba, hebu tazama minyoo hii." Alikuwa ameshang'oa karibu nusu ya mstari.

Nikamwomba apitishe ukucha kwenye kimojawapo cha vile vinundu. Kikabanduka chote, mzizi ukabaki mzima. Fundo linaloletwa na minyoo ya mizizi halibanduki hivyo, kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba. Nikakipasua kwa wembe: ndani chekundu kama nyama mbichi.

"Kina damu!"

Hakukosea sana. Wekundu ule ni wa leghemoglobini, ndugu wa ile himoglobini iliyomo kwenye damu yetu.

Kinundu ni makazi ya bakteria waitwao rizobia; Mholanzi Martinus Beijerinck ndiye aliyewatenga na kuwaotesha maabara mwaka 1888. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuila ikiwa hivyo, maana atomi zake mbili zimeng'ang'aniana mno. Rizobia wana kimeng'enya cha kuzitenganisha na kutengeneza amonia. Mmea huwalipa sukari. Tatizo ni kwamba oksijeni huharibu kimeng'enya hicho, na bakteria hao hao hawaishi bila kupumua. Leghemoglobini ndiyo inayosuluhisha: inaikamata oksijeni na kuwapimia kidogo kidogo. Kwa hiyo kinundu chekundu kiko kazini. Cha kijani au kahawia kimeshazeeka. Cheupe ama bado kichanga, ama kina wapangaji wanaokula bure.

Kuingia kwao nako kuna adabu. Mzizi wa kunde hutoa kemikali udongoni, rizobia anayeitambua hujibu kwa kemikali yake, kisha kinyweleo cha mzizi hujikunja na kumpokea. Karanga haina mambo mengi: bakteria hupenya kwenye ufa pale mzizi mdogo unapochomoza, bila hodi. Soya ndiyo yenye kuchagua, ndiyo maana mbegu yake hupakwa bakteria wa pakiti. Pakiti hiyo usiinunulie njugu wala mbaazi. Mazao hayo hupokea rizobia wengi waliomo tayari kwenye udongo wetu.

(Nikiri langu. Msimu wangu wa kwanza niling'oa mbaazi kwa mkono, nikaandika daftarini "hakuna vinundu". Vilikuwepo, vimebaki ardhini. Siku hizi nachimba kwa jembe kuuzunguka mche, naulowesha kwenye ndoo, mchanga unadondoka wenyewe.)

Babu akanivuta upande wa pili, mpakani mwa mikorosho mikubwa. Huko njugu zilikuwa za manjano. Tukachimba: vinundu vichache, vidogo, ndani vyeupe. Nikamuuliza mikorosho ile inapuliziwa nini. "Salfa, kila mwaka, tangu enzi."

Salfa inaokoa maua ya korosho na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, na sitamwambia mtu wa Newala aache mkorosho wake uungue. Ila unga unaoanguka chini haupotei. Kuna bakteria wengine wa udongoni wanaoila salfa na kuigeuza kuwa asidi, na mchanga wetu hauna nguvu ya kuikinga. Pale nilipopima, pH, yaani kipimo cha uchachu (7 ni katikati, chini yake ni uchachu), ilikuwa chini ya 5. Udongo ukichachuka hivyo, alumini huyeyuka na kuchoma ncha za mizizi, fosforasi hufungwa, na molibdeni huwa adimu. Kile kimeng'enya cha rizobia kimejengwa kwa chuma na molibdeni. Kwa maneno mengine, bakteria wa salfa wamewaharibia kazi bakteria wa njugu, na ukimwaga yurea, mbolea ya naitrojeni, hapo bila kugusa asidi, unalisha tatizo: yurea nayo huzidi kuchachusha.

Nilimshauri chokaa ya kilimo, na kwa ukanda ule mwembamba hata majivu ya jikoni yangesaidia. Njugu azisogeze mbali na mikorosho.

Aliitikia, lakini macho yalikuwa kwenye lundo la miche aliyoing'oa asubuhi.

"Na hii?"

"Ifukie hapo hapo, babu. Naitrojeni yake ibaki shambani."

Akachukua jembe, akaanza kuifukia huku akihesabu: mche mmoja, miwili, mitatu.