Rangi si za otomata, ni zako

Nimeulizwa tena, na safari hii najibu hadharani ili nikiulizwa kesho nitume kiungo tu. Swali lenyewe: "Mkuu, hiyo programu inaitwaje? Inatoa rangi kali kweli." Picha ilikuwa ya Kanuni ya 30, otomata ya kawaida kabisa (gridi ya seli zinazobadilika kwa kanuni, kila mstari ukiwa kizazi kimoja), imeanzia seli moja. Aliyeuliza hakutaka kujua kanuni, wala mwanzo, wala nimepaka rangi kwa kigezo gani. Programu tu.

Haya, programu ni Golly nikitaka kutazama, Python na NumPy nikitaka kuhesabu, Matplotlib au Pillow nikitaka faili. Zote ni za bure, na laptop ya kawaida inazimudu. Umeshazipata. Sasa fungua mojawapo usubiri ikutolee ile picha. Utasubiri sana.

Otomata haina rangi. Ina namba kwenye gridi, na ina kanuni ya kupata namba za kizazi kinachofuata kwa kuangalia majirani. Basi. Rangi inaingia mwisho kabisa, kupitia jedwali linalosema namba hii ipakwe hivi na ile vile, na jedwali hilo liko nje ya kanuni: libadilishe utakavyo, gridi haitajua. Pita Mtaa wa Uhuru, muuzaji atakutandikia kanga ya jina moja kwa rangi tatu. Mji uleule, pindo lilelile, maneno yaleyale. Hakuna mteja anayedhani mashine ndiyo iliyoamua hii iwe ya zambarau. Ikifika kwenye kompyuta, watu wazima wanaamini hivyo bila wasiwasi.

Ingekuwa imani tu ningenyamaza. Shida ni kwamba anayeamini rangi inatoka kwenye programu huiachia programu ichague, halafu anasoma kwenye picha vitu ambavyo havimo kwenye gridi. Nimeletewa ripoti za wanafunzi zenye aya nzima ya kueleza "mawimbi" yaliyotengenezwa na paleti, yaani lile jedwali la rangi.

Hata rangi mbili zinatosha kukoroga mambo. Kule Uingereza kuna stesheni ya treni ya Cambridge North, ilifunguliwa mwaka 2017, kuta zake zimefunikwa mabati yaliyotobolewa kwa mchoro wa otomata. Waliosanifu walisema ni Mchezo wa Uhai, otomata ya mwanahisabati John Conway, kwa kuwa Conway aliwahi kuwa Cambridge. Wenye macho wakatazama wakasema hapana, hii ni Kanuni ya 30 ya Stephen Wolfram, aliyezipa kanuni hizi namba. Wengine wakasema ni ya 135. Nani kakosea kati ya hao wa mwisho? Hakuna. Namba ya kanuni kwa binari ndiyo orodha ya majibu yake kwa mipangilio minane ya seli na majirani wake wawili. Andika 30 kwa binari: 00011110. Geuza mfuatano huo uanzie nyuma, kisha kila 0 iwe 1 na kila 1 iwe 0. Unapata 10000111, ambayo ni 135. Ni mchoro uleule kwa rangi zilizogeuzwa. Kwa hiyo jina la kanuni iliyoko ukutani linategemea kama unahesabu tundu kuwa 1 au bati kuwa 1, na bati lenyewe halisemi. Zile kanuni 256 za msingi, yaani zote zinazoandikika kwa tarakimu nane kama hizo, ukiondoa zinazorudiana kwa kugeuza rangi au kwa kioo cha kushoto na kulia, zinabaki 88. Ukinitumia picha nyeusi na nyeupe ukaniambia "hii ni kanuni gani", niambie kwanza nyeusi ni namba gani.

Sasa tuje kwenye kinachonikera hasa, otomata zenye hali zaidi ya mbili, yaani seli inaweza kubeba namba nyingine mbali na 0 na 1.

Watu wanaona hali 0, 1, 2, 3, wanachukua paleti ya mteremko, ile inayoanza giza ikaishia mwanga, wanapaka, wanafurahi. Swali ambalo hawajajiuliza ni kama hizo namba ni kiasi au ni majina. Rundo la mchanga, otomata ya Bak, Tang na Wiesenfeld ya mwaka 1987, namba zake ni kiasi: seli yenye 3 ina punje tatu za mchanga, ikifika nne inamwaga, kila jirani anapata moja. Hapo mteremko ni halali, na ni mzuri. Mbili kweli iko katikati ya moja na tatu.

Chukua sasa Wireworld ya Brian Silverman, otomata ya mwaka huohuo inayoiga umeme kwenye nyaya. Kwenye Golly, 0 ni patupu, 1 ni kichwa cha elektroni, 2 ni mkia wake, 3 ni waya. Hizo namba ni majina. Waya sio elektroni mara tatu. Mkia haupo katikati ya kichwa na waya kwa namna yoyote ile. Ukipaka kwa viridis, paleti ya mteremko ambayo ndiyo chaguo-msingi la Matplotlib tangu toleo la 2.0, waya unatoka njano inayong'aa kuliko vyote, na elektroni, ambayo ndiyo habari yenyewe, inakuwa kijidoa cha bluu na kijani kinachofifia pembeni yake. Macho ya msomaji yanakimbilia waya. Umemwonyesha nyaya za nyumba, umeme hauoni.

Na bado hujaharibu vya kutosha. Kuza picha hiyo huku programu ikilainisha kingo. Ikilainisha namba kabla ya kupaka rangi, pale waya, yaani 3, unapopakana na patupu, yaani 0, itabidi ipite katikati: inapita 2, inapita 1. Namba hizo zina rangi zake kwenye jedwali. Matokeo yake kila waya unazungukwa na ukingo mwembamba wa vichwa na mikia ya elektroni ambazo hazijawahi kuwepo. Nimeona bango kubwa lililochapwa hivyo, na aliyelichapa akasifu jinsi "nishati inavyovuja". Hakuna kilichovuja. Chagua njia ya pikseli jirani, ile inayoacha kingo kali kama ngazi, na kwa hali ambazo ni majina chagua rangi moja moja kwa mkono. Ni rangi nne, dakika mbili.

Kuna aina ya tatu, namba zinazozunguka. Kwenye otomata za mzunguko alizozichunguza David Griffeath, kila hali inaliwa na inayoifuata, na ya mwisho inaliwa na ya sifuri, kwa hiyo ukiwa na hali 14, ya 13 na ya 0 ni majirani. Ukitumia mteremko unaweka ukuta mweusi na mweupe mahali ambapo hakuna ukuta, na zile mizunguko nzuri za konokono zinaonekana kama zina kovu. Hapa ndipo mduara wa rangi za upinde wa mvua unaruhusiwa. Hata hivyo sijautulia. Njano kwenye mduara huo inang'aa kuliko jirani zake, basi hali inayoangukia njano inajitokeza kama kiongozi wa wenzake. Nimejaribu paleti za mduara zilizosawazishwa mwanga. Zinasema kweli zaidi na zimepoa kama uji wa jana. Bosi anayelipia bango anataka ya upinde wa mvua. Nampa, na dhamiri inanung'unika.

Na Brian's Brain, otomata ya hali tatu, je? Iliyolala, iliyowaka, inayozimika, kisha inalala tena. Ni majina au ni mteremko au ni mduara? Mimi hutumia nyeusi, nyeupe na bluu, lakini ukiniuliza sababu ya msingi nitababaika. Kilicho wazi ni kosa la kiufundi ambalo otomata hii inalifichua vizuri kuliko nyingine. Unaanza na gridi yenye 0 na 1 tu zilizotupwa ovyo. Matplotlib, usipoiambia kitu, inatafuta namba ndogo na kubwa kwenye picha hiyohiyo na kutandaza paleti kati yake. Picha ya kwanza kubwa ni 1, basi seli zilizowaka zinapata rangi ya juu kabisa. Kizazi cha pili hali ya 2 inaingia, paleti inatandazwa upya, na seli zilizowaka zinashuka hadi rangi ya katikati. Kwenye video, hilo linaonekana kama mwanga uliopiga mara moja mwanzoni kisha ukatulia. Watu wanauliza "kwa nini mfumo unaanza na mlipuko?" Weka mipaka ya paleti mwenyewe, vmin iwe 0 na vmax iwe 2, mlipuko utaisha. Ukishafanya hivyo mara moja hutasahau.

Kupunguza picha ni hatari kama kukuza, na hapa mfano wangu ni Kanuni ya 90, ile ya pembetatu za Sierpiński. Anza na seli moja. Punguza picha kwa nusu kwa njia ya kuchukua pikseli moja na kuruka moja, kwenye mistari na kwenye safu, ukianzia mstari wa kwanza. Kama safu ulizochukua zinahesabiwa kutoka ile ya seli ya mwanzo, unapata pembetatu ileile, kamili, bila kasoro. Sogea safu moja pembeni: karatasi tupu. Hakuna hata seli moja, kwa sababu kwenye mistari shufwa (mstari wa kwanza na safu ya seli ya mwanzo zikihesabiwa 0) seli zote za safu witiri ni sifuri. Picha moja, programu moja, tofauti ya pikseli moja, na unaweza kuripoti kwamba kanuni haitoi kitu. Ukipunguza kwa wastani badala ya kuruka, unapata kijivu kinachozidi kufifia kadiri unavyochora vizazi vingi, kwani kila ukiongeza vizazi mara mbili seli hai zinakuwa mara tatu wakati eneo linakuwa mara nne. Kijivu hicho angalau kina ukweli ndani yake.

Upinde wa mvua kwa namba ambazo ni kiasi: acheni. Unachora mipaka ambapo hakuna. Nyekundu na kijani pekee kutenganisha hali mbili muhimu: kuna wasioona tofauti hiyo, na wanaume ndio wengi zaidi. Nimemaliza.

Kupaka rangi kwa umri wa seli ni jambo ninalolipenda na kulitilia shaka kwa pamoja. Kwenye Mchezo wa Uhai, ile R-pentomino yenye seli tano inahangaika vizazi 1,103 kabla ya kutulia. Ukiitazama mwishoni unaona vipande vilivyotawanyika, hujui safari ilipita wapi. Golly ina kanuni ya LifeHistory inayoacha bluu kila mahali palipowahi kuwa na uhai, na ghafla unaona eneo lote na mistari iliyonyooka ya vitelezi, vile vipande vidogo vinavyosafiri, vilivyotoroka. Hiyo bluu imebeba habari ya kweli. Lakini ukitaka umri wenyewe kwa mteremko, lazima uamue mwisho wa mteremko: vizazi 20? 200? Kila ukomo unatoa mawingu yake. Mimi naamua kwa jicho, na sina kanuni ya kukupa zaidi ya kuandika ukomo huo chini ya picha.

Kanuni ya 110 inanipa wasiwasi mkubwa zaidi. Hiyo ndiyo Matthew Cook alithibitisha kwamba inaweza kufanya hesabu yoyote ambayo kompyuta inaweza, na uthibitisho wake ulichapishwa mwaka 2004. Ukiichora nyeusi na nyeupe, mandharinyuma yake yenyewe yana pambo linalojirudia kila seli 14 na kila vizazi 7, na pambo hilo linameza kila kinachosafiri juu yake. Kwa hiyo tunalifuta: seli inayolingana na pambo inapakwa nyeupe, isiyolingana inapakwa rangi. Vitu vinavyosafiri vinajitokeza vizuri ajabu. Lakini nimefuta kwa sababu nilishajua cha kufuta. Kwa kanuni ambayo hakuna aliyeichambua, sijui nitajuaje kwamba ninachokiita mandharinyuma si ujumbe wenyewe. Njia ninayoiona salama zaidi ni kupaka kila seli kwa rangi ya mpangilio wa majirani ulioizaa, kati ya ile minane. Hakuna kinachofutwa, ila rangi nane kwa pamoja zinachosha macho na wateja hukimbia.

La mwisho ni faili, maana hapa ndipo kazi nzuri inapofia. JPEG inakata picha vipande vya pikseli nane kwa nane na kukadiria rangi ndani yake. Ni nzuri kwa sura za watu. Kwa gridi ya seli za pikseli moja moja inazaa vumbi kuzunguka kila kingo, na vumbi hilo ni hali ambazo otomata yako haina. Hifadhi PNG yenye paleti; inabeba hadi rangi 256, sawa na hali 256 ambazo Golly inaruhusu, kwa hiyo hutakosa nafasi. Ukinitumia kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, usitume kama picha. Na ukienda kuchapa Kariakoo mwambie fundi asikulainishie, kisha omba kipande cha majaribio, maana ile bluu ya skrini wino haiwezi. Kijana wa mashine atakwambia "hii imepasuka pikseli, kaka, ngoja niirekebishe." Mshike mkono.