Elimu kwa Umma: Siri za Eleusis Haziuzwi, na Bamba la Dhahabu si Hirizi

Tangu mwaka huu uanze, haipiti wiki bila mtu kufika kwenye dawati letu la maswali hapa makumbusho akiwa na simu mkononi, akitaka tusikilize sauti ile ile iliyosambazwa: kwamba Wagiriki wa kale walikuwa na maneno ya kumvusha maiti ng'ambo, kwamba makumbusho yanayaficha, na kwamba yupo anayeyauza. Wengine wamekwisha kulipa. Naamini wengi wanauliza kwa nia njema, na kwa moyo huo nimekubali kuandika. Jibu fupi ni kwamba hatufichi kitu.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili walipokutana na neno la Kigiriki *mysterion* waliandika "siri", kama pale Waefeso 5:32: "Siri hiyo ni kubwa." Hawakukosea, ila neno hilo lina undugu na kitenzi cha kufumba, macho au mdomo. Kwa Mgiriki, kwanza ilikuwa ibada ambayo aliyeiona hafumbui mdomo. Msomaji wetu akisikia "siri" anafikiria nywila, kitu cha kunong'onezwa sikioni. Hapo ndipo matapeli wanapopata mlango.

Kuna mambo mawili yanayochanganywa, na yatenganishwe. La kwanza ni Siri za Eleusis, ibada ya Demeter, mungu wa nafaka, na binti yake Persephone, iliyofanyika kilomita 20 hivi kutoka Athens chini ya uangalizi wa dola. La pili ni mabamba madogo ya dhahabu yaliyozikwa pamoja na wafu, yanayohusishwa na Dionysos, mungu wa mvinyo, na jina la Orpheus, mwimbaji wa hadithi za kale. Eleusis haikuacha maneno ya kumpa maiti. Mabamba yana maneno, lakini yamechapishwa zamani, na yeyote anaweza kuyasoma bure.

Mgiriki wa kawaida hakutarajia pepo. Katika Odyssey, utenzi wa Homer, shujaa Achilles anakutwa kuzimu akisema afadhali awe kibarua wa maskini duniani kuliko mfalme wa wafu wote. Kwenye hofu hiyo ndipo Eleusis ilipotoa ahadi yake, iliyomo katika utenzi wa kale wa kumsifu Demeter: ana heri aliyeyaona haya, na asiyeingizwa katika Siri hatapata fungu kama lake huko gizani. Utenzi unasema "fungu" na kuishia hapo. Haukuahidi ufufuo, na mwili haukurudi. Cicero, Mrumi aliyeingizwa, aliandika kwamba walijifunza kuishi kwa furaha na kufa kwa tumaini lililo bora. Basi, anayewauzia ufufuo anauza kitu ambacho Wagiriki wenyewe hawakuwa nacho dukani.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo uongo mwingi unapozaliwa. Mwombaji alitakiwa aelewe Kigiriki na asiwe na damu ya mtu mikononi. Mengine hayakuzuia: mwanamke aliingia, mtumwa aliingia. (Nitamwita "mwali" kwa kukosa neno bora, ila msiseme hii ni jando au unyago wa Wagiriki. Hakukuwa na rika. Babu na kijana waliingia usiku mmoja.) Siri Ndogo, hatua ya kwanza ya ibada, zilifanyika mwishoni mwa baridi, kando ya mto Ilissos. Siri Kubwa zilikuwa katika mwezi wa Boedromion, yaani Septemba hivi. Tarehe 15 ya mwezi huo tangazo lilisomwa mjini. Tarehe 16 wote walitumwa baharini, kila mmoja na kitoto chake cha nguruwe cha kafara, wakaoga pamoja nacho. Najua nguruwe atawakera baadhi ya wasomaji, lakini siwezi kumfuta kwenye historia. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, anasimulia habari ya mwali aliyekuwa akimwosha nguruwe wake katika bandari ya Kantharos, akakamatwa na mnyama wa baharini, akaliwa kuanzia tumboni kwenda chini. Watu wakaisoma kama ishara mbaya kwa mji.

Kisha maandamano hadi Eleusis, watu wakitaniwa kwa matusi walipovuka daraja. Walifunga, kama Demeter alivyofunga akimtafuta mwanawe, wakafungua kwa kinywaji cha shayiri, maji na mnanaa. Mwaka 1978 walijitokeza wasomi waliopendekeza kwamba shayiri ile ilikuwa na kuvu wa kulevya. Ni dhana, na nimechoka kuulizwa kama tunauza.

Usiku waliingia kwenye ukumbi wa Telesterion, wenye upande wa zaidi ya meta 50 na nguzo 42 zilizopangwa kwa safu, wakakaa au kusimama kwenye ngazi za mawe kuzunguka kuta. Kilichoonyeshwa humo hatukijui chote. Mwandishi Mkristo wa baadaye, aliyekuwa adui wa ibada ile, anadai kilele kilikuwa suke la nafaka lililovunwa, likaonyeshwa kimya. Mwanafalsafa Aristotle alisema wanaoingia hawaendi kujifunza jambo, bali kupatwa na jambo. Ningependa wananchi waisome sentensi hiyo mara mbili kabla ya kutuma pesa.

Gharama? Hesabu za hekalu za mwaka 329/8 KK zinaonyesha watumwa wawili wa umma waliingizwa kwa drakma 30, fedha ya Wagiriki. Kibarua alilipwa drakma moja na nusu kwa siku, kwa hiyo kila mmoja aligharimu kama siku kumi za kazi. Zilikuwa ada za wazi, zimechongwa kwenye jiwe.

Adhabu zilikuwa kali. Mwaka 415 KK Alcibiades, jemadari wa Athens, alishtakiwa kwa kuigiza Siri nyumbani kwa mzaha. Alihukumiwa kifo bila kuwepo mahakamani, makuhani wakatakiwa wamlaani, mali ikapigwa mnada. Orodha ya mnada wa mali za waliohukumiwa ilichongwa kwenye mawe, vipande vimepatikana kwenye soko la kale la Athens, na ukivisoma unakutana na vitanda vyao na watumwa wao. Diagoras wa Melos, aliyeshtakiwa kwa kuzidhihaki Siri, alitangaziwa zawadi ya talanta moja kwa atakayemuua. Yapata mwaka 200 KK vijana wawili kutoka Acarnania, magharibi mwa Ugiriki, ambao hawakuwa wameingizwa, waliingia hekaluni na umati bila kujua. Maswali yao yakawafichua, wakauawa, na jambo hilo likachochea vita na Mfalme Philip wa Makedonia. Ndiyo maana siri ilidumu hadi ibada ilipokoma mwishoni mwa karne ya 4 BK, wakati Mfalme Theodosius wa Roma alipopiga marufuku ibada za kale. Anayedai babu yake aliipata Eleusis aeleze alivyoipata.

Turudi kwenye mabamba. Nakala ya lililo maarufu iko chumba cha pili. Asili yake ilipatikana mwaka 1969 huko Hipponion, leo Vibo Valentia, kusini mwa Italia, kifuani mwa mwanamke aliyezikwa yapata mwaka 400 KK. Ni dogo kuliko kadi ya benki, limekunjwakunjwa, herufi zimekwaruzwa kwa ncha. Linamwelekeza marehemu kama mtu anayeelekezwa njia ya kisimani: upande wa kulia utaona chemchemi na mvinje mweupe, usiikaribie. Mbele kuna maji baridi ya Ziwa la Kumbukumbu, na walinzi. Waambie: mimi ni mtoto wa Ardhi na Mbingu yenye nyota, nimekauka kwa kiu, ninakufa, nipeni maji. Nimelisoma mara nyingi, na kila mara hiyo kiu hunisimamisha.

Hayo ndiyo "maneno yaliyofichwa". Nimewapa bure. Hata wakati ule waliouza ibada za namna hii hawakukosa: mwanafalsafa Plato anawasema makuhani ombaomba waliokuja milangoni kwa matajiri na lundo la vitabu vya Orpheus.

Mwisho, kwa aliye na bamba mkononi. Usilikunjue, dhahabu hiyo nyembamba hupasuka penye mkunjo. Usilisugue wala kulitia ndimu. Liweke kwenye boksi gumu, uje mwenyewe na kitambulisho, ujaze fomu ya mapokezi, upewe stakabadhi. Hatukadirii bei wala hatutoi cheti cha uhalisi. Kama limechimbwa Ugiriki, Sheria namba 3028 ya mwaka 2002, ambayo sasa imo katika Sheria namba 4858 ya mwaka 2021, inavihesabu vitu vya kale vinavyohamishika, hadi vya mwaka 1453, kuwa mali ya dola. Aliyeokota hutakiwa atoe taarifa bila kuchelewa, na kuviuza kimagendo ni jinai. Kama ni shaba iliyopakwa rangi, kama yote tuliyoletewa hadi sasa, utarudishiwa siku hiyo hiyo.

Na aliyeuziwa, aje na risiti ya muuzaji. Kama alipewa.