Aliyeandika "Yesu Anipenda" anastahili kibao chake cha kumbukumbu kando ya mto Hudson

Wanakwaya wenzangu, uliza kanisa lolote nani kaandika "Yesu anipenda" na utaambiwa aah huo si wimbo wa watoto wa sandeskuli tu. Mimi nafundisha nota na historia ya nyimbo za kanisa na jambo hili linaniuma kweli, kwa sababu mwenye maneno yale anajulikana kabisa, ni Anna Bartlett Warner, na alipoishi panajulikana pia, Constitution Island, kisiwa kwenye mto Hudson kule New York, kinatazamana na chuo cha jeshi cha West Point.

Eneo lile lina sifa za vita. Mwaka 1778 wapiganaji wa uhuru wa Marekani walitandaza mnyororo mkubwa wa chuma kutoka West Point mpaka kisiwani ili meli za Waingereza zisipite, na ukisoma habari za pale utakuta ngome na mizinga kwanza. Sawa, ni historia. Ila mimi nikifika kwenye kisiwa hicho nawaza ile nyumba ya kina Warner.

Baba yao alikuwa wakili New York, mtikisiko wa uchumi wa 1837 ukamfilisi, familia ikahamia kisiwani, na hapo ndo Anna na dada yake Susan wakaanza kuandika, yani waliandika ili wapate chakula. Riwaya ya Susan ya 1850 iliuzwa kwa wingi mno Marekani na Uingereza, lakini enzi hizo hakukuwa na makubaliano ya hakimiliki kati ya nchi hizo mbili kwahiyo wachapaji wa Uingereza waliweza kuichapa bila kumlipa mwandishi. Kalamu ilikuwa jembe lao na bado maisha yalibana.

Sasa wimbo wenyewe. Mwaka 1860 walitoa riwaya pamoja, Say and Seal, ndani yake kuna mtoto mgonjwa anakaribia kufa na mwalimu wake wa sandeskuli anamfariji kwa beti, beti hizo ni za Anna. Hazikuwa na tuni, zilikuwa shairi ndani ya hadithi! Mwaka 1862 mtunzi wa muziki William Bradbury akazitilia tuni na akaongeza kiitikio, kwahiyo ile sehemu tunayoimba kwa nguvu kuliko zote ni ya Bradbury na beti ni za Anna, na nikiona karatasi imeandikwa Bradbury peke yake nairudisha irekebishwe. Bradbury naye kafanya kazi nzuri lakini. Iimbe kwa solfa: so mi mi re mi so so, la la do la la so so. Endelea mpaka mwisho, hutakutana na fa wala ti, ni nota tano tu, ndo maana hata kwaya isiyosoma nota inaushika haraka.

Vitabu vyetu vingi vya maneno bila nota havina jina la mtunzi, ndo majina ya hawa kina mama yanapopotelea. "Usinipite Mwokozi" na "Ndio dhamana" ni za Fanny Crosby, naye ni mzaliwa wa jimbo hilohilo la New York, 1820, alipoteza macho akiwa mchanga na akaandika nyimbo zaidi ya 8,000, nyingine kwa majina ya bandia kibao.

Kina Warner walifundisha Biblia wanafunzi wa West Point miaka mingi, vijana wanavuka mto kwa boti kuwafuata. Susan alifariki 1885. Mwaka 1908 Anna pamoja na Margaret Olivia Sage, mjane tajiri na mfadhili, wakaitoa Constitution Island kwa serikali kwa ajili ya chuo, Anna akafariki 1915, na dada hao wawili wamezikwa makaburi ya chuo kilekile, raia kati ya wanajeshi.

Kibao kikisimama pale mtoni mimi ningeandika hivi: Anna Bartlett Warner, beti, 1860. William Bradbury, tuni na kiitikio, 1862. Na jina la Anna liwe juu.