Ini la kuoteshwa maabara: dhana potofu na ukweli

Dhana: Maini mazima yameshaanza kuoteshwa maabara na kuwekewa wagonjwa.

Ukweli: Hakuna mgonjwa aliyepandikizwa ini zima la namna hiyo. Habari nyingi chanzo chake ni jaribio la Massachusetts General Hospital, Boston, la mwaka 2010. Ini la panya lilipitishiwa sabuni ya SDS kupitia mshipa mpaka seli zote zikatoka, kikabaki kiunzi cha kolajeni (protini inayoshikilia tishu) chenye njia zake za damu. Kikajazwa seli za ini milioni 200 hivi, kisha kikapandikizwa kwa panya mwingine kwa saa 8. Hizo saa 8 ndizo huachwa kwenye vichwa vya habari.

Dhana: Shida ni kupata seli za kutosha tu.

Ukweli: Seli ni tatizo kweli, maana ini la mtu mzima hukaribia kilo moja na nusu na kila gramu ina seli za ini zipatazo milioni 100. Kinachoangusha kazi hasa ni damu. Seli ikiwa mbali na mshipa kwa zaidi ya mikromita 200 hivi (sehemu ya tano ya milimita) hukosa oksijeni, hivyo kipande kinene kisicho na mishipa hufa kuanzia katikati. Kiunzi kina njia za damu, lakini kuta zake zikikosa seli za utando wa ndani, damu hugusa kolajeni tupu na kuganda. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, huchelewesha tu. Seli hizo lazima zipandwe na zishike hadi kwenye kapilari, yaani mishipa midogo kabisa, kabla ya kuunganisha mishipa. Na SDS isiposuuzwa vya kutosha, mabaki yake huua seli mpya.

Dhana: Seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine) zikigeuzwa kuwa za ini, zimekomaa.

Ukweli: Mara nyingi hubaki kama za kijusi: bado hutoa alfa-fetoprotini, protini ya ini changa, na vimeng'enya vyake vya kuvunja dawa ni dhaifu. Usiridhike na kipimo cha albumini, protini ambayo ini hutengeneza, peke yake. Uliza kama zinageuza amonia, ambayo ni sumu, kuwa urea.

Dhana: Tishu mpya lazima ikae mahali pa ini.

Ukweli: Si lazima. Mwaka 2024, katika jaribio la kampuni ya LyGenesis huko Marekani, mgonjwa wa kwanza alidungwa seli za ini la mchangiaji kwenye tezi ya limfu ya tumboni, kwa kutumia endoskopi (mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni). Kwa kuwa seli ni za mtu mwingine, dawa za kuzuia kinga isizishambulie bado zinahitajika.