Skinki asilia wa New Zealand: jenasi moja, spishi zisizokwisha kuhesabiwa

Skinki ni mjusi wa familia Scincidae. Magamba yake ni laini na yanang'aa kama aliyepakwa mafuta, shingo imeungana na kichwa hata huoni kinaishia wapi, miguu ni mifupi, na mkia hukatika adui akiushika. Usimchanganye na mjusi kafiri, yule wa ukutani mwenye vidole vya kunata. Duniani kuna spishi zaidi ya 1,600 za skinki, na wachache mno kati yao wamewasumbua wataalamu wa uainishaji kama wale wa New Zealand, ambao Wamaori huwaita mokomoko.

Tuanze na neno "asilia", maana ndilo linalopotosha wengi. Mnyama asilia wa kisiwa ni yule aliyefika huko bila kubebwa na binadamu: ama wazee wake walielea juu ya magogo wakavuka bahari, ama walikuwepo tangu nchi ilipojitenga. Kuzoeleka hakumfanyi mtu wala mjusi kuwa mwenyeji. Katika bustani za Auckland, skinki anayeonekana mara kwa mara anaweza kuwa Lampropholis delicata, mgeni kutoka Australia aliyeanza kuonekana huko katika miaka ya 1960. Huyu hutaga mayai. Skinki asilia wa New Zealand huzaa watoto walio hai, isipokuwa mmoja tu, Oligosoma suteri wa pwani, ambaye naye hutaga. Basi ukikuta mayai ya skinki bustanini, mbali na bahari, mshuku mgeni kwanza.

Wenyeji wote wako katika jenasi moja, Oligosoma. Jenasi ni ukoo. Spishi ni jamaa ndani ya ukoo huo. Leo inasemwa kwa kifupi hivyo, lakini kufika hapo kulichukua miongo kadhaa ya kubomoa na kujenga upya.

Mwaka 1977 mtaalamu wa mijusi Graham Hardy aliwapanga skinki hawa katika jenasi mbili, Leiolopisma na Cyclodina. Mgawanyo ule ulikuwa na mantiki yake machoni: wengi wa Cyclodina ni wanene kidogo, wenye kupenda giza na unyevu chini ya majani na mawe, ilhali wengi wa kundi lile lingine ni wembamba wanaoota jua mchana. Tatizo la kwanza lilikuwa jina. Leiolopisma ni jina la skinki wa Round Island, kisiwa kidogo karibu na Mauritius, katika Bahari ya Hindi. Kuwaweka wa New Zealand humo ni kudai udugu ambao haukuwepo. Mwaka 1995 Geoff Patterson na Charles Daugherty waliwatoa wa New Zealand humo na kufufua jina la zamani, Oligosoma.

Tatizo la pili lilifichuliwa na DNA. Walipopimwa vinasaba, Cyclodina hawakusimama kama tawi lililo kando ya Oligosoma. Walijitokeza katikati ya mti uleule. Kuendelea kuwaita jenasi tofauti kungekuwa sawa na kuwapa watoto wa mjomba mmoja jina la ukoo mwingine, huku binamu zao mkiwaacha na jina la zamani. Mwaka 2009 David Chapple na wenzake wakawaunganisha wote. Unene na kupenda giza, kumbe, havikuwa alama ya ukoo. Ni mavazi ya kazi tu: anayeishi chini ya mawe usiku hupata umbo la kuishi chini ya mawe usiku.

Hapa kuna jambo ambalo msomaji wa Kiswahili atalielewa upesi kuliko wengi. Majina ya kisayansi yana upatanisho kama ngeli zetu. Cyclodina ni jina la kike kwa kanuni za Kilatini, na Oligosoma ni jina lisilo la kike wala la kiume. Jina la jenasi likibadilika, sifa inayofuata nayo hubadili mwisho wake: Cyclodina aenea akawa Oligosoma aeneum. Ni kama kutoka "kitabu kizuri" kwenda "nyumba nzuri". Anayekutana na tahajia zote mbili asidhani ni wanyama wawili.

Huo ndio upande wa kuunganisha. Katika ngazi ya spishi mambo yalikwenda kinyume: waliodhaniwa mmoja wakawa wengi. Mfano mzuri ni wale wa Kisiwa cha Kusini waliokuwa wakiwekwa pamoja chini ya jina moja, Leiolopisma nigriplantare maccanni. Uchunguzi wa protini uliochapishwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba ndani ya jina hilo kulikuwa na spishi kadhaa zilizofanana mno kwa macho lakini hazizaliani. Wataalamu huziita spishi fiche. Baada ya kujua kwamba wako wengi, ndipo watu waliporudi kuhesabu magamba na kutazama mistari ya mgongoni, wakaona tofauti zilizokuwepo siku zote.

Kwa hiyo idadi ya spishi imekuwa ikipanda, na leo inazidi 60, bila spishi mpya kutokea duniani kwa maana yoyote ya kuonekana. Mwingine huongezeka kwa kugawanywa, mwingine kwa kupatikana mlimani ambako hakuna aliyekuwa amepanda kumtafuta. Mimi binafsi siamini orodha yoyote ya skinki hawa isiyoandikwa mwaka juu yake.

Mgawanyo huu una uzito nje ya makabati ya makumbusho. Panya, paka na wanyama wengine walioletwa na binadamu wamewamaliza skinki wengi bara na kuwabakiza visiwani. Oligosoma whitakeri, ambaye mifupa yake ya kale inaonyesha alienea sehemu kubwa zaidi ya Kisiwa cha Kaskazini, alibaki katika visiwa vidogo vichache na eneo dogo la Pukerua Bay, pwani ya bara. Panya walipoondolewa katika kisiwa cha Korapuki mwaka 1986, skinki hawa walihamishiwa huko miaka miwili baadaye. Mtu hawezi kupanga uhamisho wa namna hiyo asipojua nani ni nani. Akichanganya spishi mbili fiche, ataona "wako wengi tu" wakati mmoja wao anakaribia kutoweka.

Ndiyo maana New Zealand hutoa daraja la hatari ya kutoweka hata kwa skinki ambaye hajapewa jina rasmi, akijulikana kwa lakabu tu. Skinki wa kokoto wa Granity, pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Kusini, alikuwa mmoja wao. Aliishi katikati ya mawe ya ufukwe uliokuwa ukiliwa na bahari, basi baadhi yao walikamatwa wakapelekwa Auckland Zoo kulelewa, wakati ambapo kwenye vitabu vya sayansi spishi yao ilikuwa bado haina jina.