Pole ninazopewa kwa ajili ya mabinti wawili

Alipozaliwa binti yetu wa pili, hapa Wete, Pemba, nilipokea hongera chache na pole nyingi. Jirani mmoja alininong'oneza kama tuko matangani: “Usijali, mwanangu, mara nyengine Mungu atakupa dume.” Mkubwa sasa ana miaka 7, mdogo 4, na pole hazijaisha. Sichukii, watu wananitakia kheri. Ila wanahofia pasipo na hofu, na penye hofu ya kweli wanapita kimya.

“Tumbo la mkeo ni la wanawake tu.”

Huambiwa mke wangu, tena na wanawake wenzake. Yai la mama siku zote lina kromosomu (uzi unaobeba urithi) ya X. Mbegu ya baba ndiyo inayobeba ama X ama Y: ya X ikitangulia huja mwanamke, ya Y huja mwanamme. Kama kuna wa kuulizwa, basi ni mimi. Nilimweleza hivyo dada yangu, akacheka, akasema nimeshalishwa limbwata. Limbwata hilo hilo hutajwa kila nikionekana barazani nawasuka wanangu nywele. (Nasuka vibaya, hilo nakubali.)

“Ukifa, mali yote itakwenda kwa ndugu zako.”

Hii husemwa kwa uhakika wa ajabu, na watu tuliosoma nao chuo cha Kurani. Katika mirathi ya Kiislamu, mabinti wawili wasio na kaka fungu lao ni thuluthi mbili. Chukua hali yangu: baba keshafariki, mama yu hai, nina mke, mabinti wawili na kaka mmoja. Nikiacha mikarafuu 24 (mfano tu, sina hata robo yake), bila deni wala wasia, mabinti watapata 16, mama 4 kwa sudusi yake (moja ya sita), mke 3 kwa thumni yake (moja ya nane). Kaka yangu, anayedhaniwa kuwa atabeba vyote, atabaki na mkarafuu 1. Nilimhesabia kwa makonyo ya karafuu juu ya jamvi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama huo mmoja utakuwa ule wa karibu na kisima. Mabinti wanaodhulumiwa wapo, lakini wanadhulumiwa na watu, si na sheria, na Mahkama ya Kadhi ndiyo pa kwenda.

“Mtoto asipopakwa wanja atapatwa na kijicho.”

Hapa sasa ndipo pa kuhofia. Baadhi ya wanja unaouzwa una madini ya risasi, na kwa kuutazama tu huwezi kuutenga na ule wa masizi. Mtoto hufikicha macho, kisha hutia vidole kinywani. Risasi hudhuru ubongo unaokua, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kichupa chetu kilitoka kwa bibi yao, kwa mapenzi, basi tumekiweka kabatini, juu kabisa. Kijicho tunakisomea.

“Wasile vitamu, wataota minyoo.”

Wanangu walinyimwa kashata na visheti kwa sababu hii, huku wakiachwa wacheze pekupeku nyuma ya choo! Sukari huozesha meno, haizai minyoo. Minyoo hutokana na mayai yanayotoka na kinyesi cha mtu. Mengine humezwa kwa mikono michafu au matunda yasiyooshwa. Minyoo ya safura haihitaji hata kinywa: vichanga vyake hupenya ngozi ya mguu, wakishakua hunyonya damu ndani ya utumbo mpaka mtoto anapauka. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, inayotafiti maradhi kama haya, iko hapo Chake Chake tangu 2000, na sisi bado tunailaumu kashata.

Kichocho nacho husemwa ni cha wavulana. Kimelea chake humpenya yeyote aliyeingia kwenye maji yenye konokono wanaokibeba, awe anaogelea au anasuuza kanga. Binti mdogo akikojoa damu, apelekwe hospitali, asiambiwe kapevuka mapema.

Ndara tumewanunulia. Mdogo huzivua kila akifika kona ya nyumba, na anayemrudisha ni yule yule jirani wa pole: “We mtoto, rudi uvae, baba yako asije akanisomesha tena.”